Nyumba ya Mirongo Iliyowekewa Alama ya Kubomolewa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, vijana hamjambo. Mchungaji amenipa nafasi fupi, na aliponipa alinitazama vizuri usoni, kwa sababu ananijua. Mimi Mama Koku nikishika maneno siachii. Lakini leo nitajitahidi, maana nimesimama kuwaambia jinsi Mungu alivyoiokoa nyumba yangu isivunjwe na mume wangu asifungwe, na jambo hilo halitaki mapambo.

Nyinyi mnaojenga siku hizi mnalalamika kuhusu vibali. Mngekuwepo miaka ile ya Ujamaa! Mtu akisema anataka kujenga nyumba ya biashara mjini, biashara yake mwenyewe, si ya ushirika, swali la kwanza lilikuwa: wewe unataka kumnyonya nani? Mume wangu Byabato alitaka kujenga hoteli ya chai na ndizi pale Mirongo, kando ya mto. Chumba cha mbele cha wateja, vyumba vya nyuma vya kulala sisi. Basi. Hakutaka kumnyonya mtu yeyote, alitaka kuwauzia watu chai.

Ili aweze kujenga, Byabato aliuza kibanja chake kule Bukoba. Wahaya wenzangu mnajua nimesema nini hapo. Kwetu kibanja ndiyo migomba, ndiyo kahawa, ndiyo makaburi ya wazee. Kaka zake waliacha kumsalimia. Mdogo wake mmoja alimwambia mbele yangu, "Huko uendako usishindwe, maana hapa huna pa kurudia." Kwa hiyo muelewe, ndugu zangu: nyumba ile ya Mirongo ikianguka, sisi hatukuwa na kwetu kokote chini ya jua.

Kibali tulikihangaikia mpaka nikachoka kupiga pasi shati moja la ofisini. Ramani ikachorwa, ikakataliwa kwa sababu choo kilikuwa karibu mno na mahali pa kupikia. Ikachorwa tena. Bwana afya akagonga muhuri, watu wa ardhi wakagonga wao, ikaenda kwa yule mkubwa wa ujenzi ambaye mtaani tulimwita tu Bwana Ujenzi. Alikuwa mtu mkavu. Sikuwahi kusikia amekula cha mtu, nasema haki, lakini pia sikuwahi kumwona akicheka. Alimwambia Byabato, "Ndugu, utajenga kile kilichomo kwenye karatasi hii, ndani ya bikoni nne za kiwanja chako. Ukizidisha hata banda la kuku, kibali chote kinakufa." Byabato akaitikia ndiyo mzee, akatia sahihi, akarudi nyumbani akiimba.

Msingi ukachimbwa, Bwana Ujenzi akaja kuukagua kabla hatujamwaga zege. Bikoni zote nne zilikuwepo, yale mawe madogo ya zege yenye ncha ya chuma, yanayoonyesha mpaka wa kiwanja. Alizikanyaga moja moja kwa kiatu chake, akaandika, akaondoka. Kuta zikapanda. Saruji tulikuwa tunaipata leo mfuko, mwezi ujao mfuko, lakini zikapanda. Bati likawekwa. Nikalia machozi.

Hapo sasa ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa sababu ya tulikotoka. Kwetu jiko la nje halihesabiwi kuwa nyumba. Ni miti, ni majani, unalijenga asubuhi jioni unapika. Kwa hiyo nyuma ya nyumba, upande wa mto, Byabato akasimamisha banda la miti na mabati chakavu, tuwe tunapikia ndizi za wateja. Kwenye ramani halikuwemo. Wala hatukulifikiria! Ungetuuliza siku ile kama tumeongeza jengo, tungeapa hatujaongeza kitu.

Mama mkwe wangu akaja kwa meli kutoka Bukoba. Tulimwita Mawe, ndivyo sisi Wahaya tunavyomwita mama. Alikuwa hajui Kiswahili zaidi ya salamu na "asante". Yeye peke yake kwenye ukoo ule ndiye hakukasirika kibanja kilipouzwa. Katika familia ya mume wangu ilikuwa desturi kwamba nyumba mpya, mama ndiye anayepanga mafiga ya jikoni na kuwasha moto wa kwanza. Mawe akayapanga mafiga yake matatu kwenye lile banda, akawasha, akatuombea. Ndizi za kwanza kuivishwa tulikula sisi na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Salum, fundi cherehani, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwislamu safi, mtu wa mjini tangu babu zake, na mdomo wake ulikuwa mkali kama wangu.

Tukabakiza jambo moja tu kabla ya kufungua hoteli. Bwana Ujenzi alipaswa kuja kukagua mara ya mwisho, atupe ruhusa ya kulitumia jengo.

Akaja asubuhi. Chumba cha mbele akakipita bila neno. Vyumba vya nyuma bila neno. Nikaanza kushukuru moyoni. Akatokea mlango wa uani, akasimama kwenye banda letu, kando ya sufuria ya ndizi iliyokuwa inatokota. Kisha akauliza polepole, "Hili ni nini?"

Byabato akasema, "Jiko tu, mzee."

"Kwenye ramani liko wapi?"

Bwana Ujenzi akaanza kuzunguka kiwanja akitafuta bikoni. Ya mbele kushoto ipo. Ya mbele kulia ipo. Ya nyuma upande wa Mzee Salum ipo. Ya nyuma upande wa mtoni, pale inapopita njia ya watu kwenda mtoni, haipo. Akapapasa kwa kiatu. Akainama, na suruali yake ile iliyonyooshwa, akapapasa kwa mkono. Haipo.

Ndugu zangu, nilimwona yule mtu anabadilika rangi. Alimgeukia mume wangu, akasema, "Siku ya msingi niliikanyaga mwenyewe. Umejenga banda bila kibali, halafu bikoni ya upande huohuo imetoweka. Umeing'oa ili ule njia ya wananchi."

Byabato akaapa. Mimi nikaapa. Akasema kung'oa bikoni ni kosa la kwenda jela, na kwamba kibali chetu kimefutwa, chote, nyumba na banda. Kijana aliyekuja naye akachora alama kubwa nyekundu kwenye ukuta wangu wa mbele, ule niliokuwa nimemaliza kuupaka chokaa. Tukapewa mpaka mwisho wa mwezi. Bikoni isipoonekana, nyumba inavunjwa na Byabato anapelekwa polisi.

Siwezi kuwaeleza siku zile. Watu waliokuwa wakinisalimia sokoni wakaanza kupita upande wa pili. Mzee Salum akaitisha kikao cha nyumba kumi, na pale kikaoni kuna mtu alisimama akasema hawa wametoka kwao na fedha, wamekuja kuwaziba wenzao njia ya kwenda kuteka maji. Mzee Salum akafunga kikao. Baadaye akaja kwangu mlangoni akaniambia, "Mama Koku, mimi ni balozi, siwezi kusimama upande wako kwa sababu ninakula ndizi zako. Kama mmeing'oa, irudisheni. Kama hamkuing'oa, mimi sijui mtafanya nini."

Nilimkasirikia sana. Lakini alikuwa amesema kweli, hata sisi hatukujua tutafanya nini. Byabato alizunguka kiwanja kile mpaka majani yakafa. Alichokonoa kila mahali kwa jembe. Na mimi niliomba, ndugu zangu. Sikuomba kwa maneno mazuri. Nilimwambia Mungu, wewe unaijua bikoni iko wapi, sasa unanyamaza kwa faida ya nani?

Basi akanijibu, na jibu lake likanitia hofu kuliko kimya chake.

Ilikuwa asubuhi, imebaki kidogo mwezi uishe. Naandaa chai. Sufuria inayumba, figa moja limekaa vibaya. Nikaliondolea majivu pembeni, nikaliinua ili niligeuze. Upande wa chini haukuwa mweusi. Ulikuwa wa kijivu, umenyooka, na katikati ulikuwa na ncha ya chuma. Na pembeni ya chuma kulikuwa na namba zimechorwa kwenye zege.

Nilikaa chini kwenye majivu. Bwana Ujenzi alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwenye bikoni yake akiitafuta, na juu yake ndizi zangu zinachemka.

Nikamwita Byabato. Akaja, akaliona, akashika kichwa. Hatukuulizana nani kaleta, tulijua nani alipanga mafiga. Kisha nikaona anachukua gunia. Nikamwuliza unafanya nini. Akasema, "Naenda nalo ziwani. Kule kwenye mawe makubwa maji ni marefu."

"Halafu?"

"Halafu hakuna mtu atakayesema lilikutwa jikoni kwangu. Mke wangu, wakiliona hapa nimekwisha. Nani atakubali kwamba sikujua?"

Kwa akili ya kawaida alikuwa na haki. Bikoni isipoonekana, nyumba ingevunjwa, lakini polisi wasingekuwa na ushahidi. Ikionekana jikoni, imekutwa pamoja na mwizi wake. Akalitia jiwe guniani, akafunga mdomo wa gunia kwa kamba, akaliweka mlangoni aende kutafuta baiskeli.

Mawe alikuwa ametusikia. Kiswahili hajui, lakini mwanawe akiogopa anajua. Alitoka chumbani, akalifungua gunia, akachungulia, akalifunga tena. Halafu akalikalia. Mama mzima, mwembamba, na kitambaa chake kichwani, kakaa juu ya gunia mlangoni, miguu ameinyoosha.

Byabato akarudi na baiskeli. Akamwambia kwa Kihaya, mama ondoka. Hakuondoka. Akamweleza habari ya jela. Hakuondoka. Akamshika mkono amwinue, na ndipo Mawe akasema, "Jiwe hili nimelichimba mimi. Ukilitupa, watasema ni wewe mpaka ufe. Nipeleke mimi kwa huyo mkubwa."

Byabato akamwachia mkono. Akasimama pale anahema. Mimi nikasogea nikakaa chini kando ya Mawe. Sikuwa na ushujaa wowote. Lakini nilipokaa pale nilimwona Bwana amekwisha kulijibu ombi langu, na kazi yetu ilikuwa kwenda.

Tukaenda. Byabato anasukuma baiskeli na gunia nyuma, Mawe anatembea kando ameshika kiti cha baiskeli, kana kwamba mwanawe atakimbia. Njia nzima nilikuwa nasema moyoni, Bwana, kama ni kufungwa, afungwe akiwa amesema kweli. Nasema hivyo sasa kwa wepesi. Siku ile nililianza ombi hilo mara nyingi kabla sijalimaliza.

Ofisini Bwana Ujenzi alikuwa na mpima ardhi wake, Bwana Masalu, Msukuma mrefu mwenye sauti ya chini. Byabato akaweka jiwe mezani, masizi na yote. Bwana Ujenzi akalitazama, akatutazama.

"Lilikuwa wapi?"

"Jikoni kwangu," Byabato akasema. "Lilikuwa figa."

Mawe akaanza kusema, mimi nikawa nafasiri. Kwamba mafiga ya nyumba mpya hayanunuliwi wala hayaombwi kwa jirani, lazima yatoke kwenye ardhi ya nyumba ile ile. Kwamba alitafuta uani akapata mawili, la tatu akaliona limezama pembeni karibu na mtoni, limekaa vizuri, bapa. Akalichimba. Kile chuma kilimsumbua, akaligeuza jiwe chini ili kisitoboe sufuria.

Bwana Ujenzi akasema, "Mnataka niamini kwamba mama huyu amefuta mpaka wa serikali ili apike ndizi? Na anayefasiri ni mke wa mshtakiwa?" Akaushika mkono wa simu. Alikuwa anaita polisi, ndugu zangu. Nilimwona Byabato anafumba macho.

Masalu akasema, "Mzee, subiri kidogo." Akageuka kwangu. "Mama, mwulize hivi. Alipolitoa jiwe, shimo alilifanya nini?"

Nikamwuliza. Mawe akamtazama Masalu kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga. Akajibu, "Nilipanda mgomba. Nani anachimba shimo nyumbani akaliacha wazi?"

Nilipofasiri, Masalu akasimama akachukua kofia yake. Akamwambia mkubwa wake kwamba alipokipima kiwanja kile, chini ya kila bikoni alipigilia chuma kingine kirefu, kisichoonekana, kwa sababu anawajua watu. Kama mama anasema kweli, chuma kiko chini ya mgomba. Kama hakipo, basi aite polisi.

Tulipofika Mirongo watu walikuwa wamejaa, sijui habari hukimbia kwa miguu gani. Mzee Salum alikuwa mbele, na tepu yake ya cherehani shingoni, hajakumbuka kuivua. Mawe akaenda moja kwa moja mpaka pembeni ya banda, akauonyesha mgomba. Ulikuwa mchanga, majani yake machache. Tulikuwa tumeupita kila siku. Byabato alikuwa amechimba huku na huku akauzunguka, hakuugusa, nani angegusa mgomba wa mama yake?

Akapewa jembe yeye mwenyewe. Mgomba ukatoka na mizizi yake. Akachimba. Udongo mweusi. Akachimba. Maji ya mto yakaanza kujikusanya shimoni, akawa anachota tope kwa mikono. Hakuna kitu. Yule mtu wa kikaoni akasema kwa sauti, "Si nilisema?" Bwana Ujenzi akaitazama saa yake. Mimi nilikuwa nimemshika Mawe mkono.

Masalu akavua viatu, akashuka shimoni, akaingiza mkono kwenye tope mpaka begani. Akakaa hivyo. Shavu lake limegusa ardhi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Kipo."

Haleluya! Pale pale nikapiga magoti kwenye tope, na kanga yangu ya kutokea. Sijali. Byabato alikaa ukingoni mwa shimo akalia mbele ya wanaume wenzake.

Lakini msidhani yalikwisha. Masalu alikamata kile chuma, akafunga kamba, akaivuta mpaka bikoni ya upande wa Mzee Salum, na watu wote wakasogea kuona kamba itapita wapi. Nyumba ilikuwa ndani, na nafasi yake imeachwa kama ilivyoandikwa. Banda lilikuwa nje. Si lote, nusu yake. Tulikuwa kweli tumeila njia ya watu bila kujua, na yule mtu wa kikaoni, Mungu amrehemu, alikuwa na haki yake nusu.

Bwana Ujenzi aliifuata ile kamba kwa miguu toka mwanzo hadi mwisho. Akasema, "Kuhusu bikoni, nimeridhika. Nyumba itafutwa alama. Banda livunjwe leo, kabla sijaondoka hapa." Akakaa kwenye kiti alicholetewa na Mzee Salum, akasubiri.

Wa kwanza kuvuta bati alikuwa Mawe. Nikafuata mimi, akafuata Mzee Salum, akafuata yule mtu wa kikaoni. Tukalivunja lote, jiko langu nililolipenda. Watu walipokuwa wanabeba miti, Bwana Ujenzi alimwuliza mume wangu, si kwa ubaya, "Ndugu Byabato, mngelitupa lile jiwe nisingejua kamwe. Kwa nini mlileta?"

Byabato akasema, "Mama alikataa kunipisha mlangoni."

Masalu akatuambia tulichokuwa hatukijui. Kama tungelitupa, yeye asingeuliza habari za shimo, wala chuma kisingetafutwa, na nyumba yote ingevunjwa, maana jengo lenye mpaka uliopotea na banda lisilo na kibali halina pa kujitetea. Jiwe lile tulilotaka kulizamisha ndilo pekee lililoweza kututetea. Nilipolisikia hilo mwili ulinisisimka, na hata sasa ninavyolisema unanisisimka.

Ndugu zangu, ninamalizia, mchungaji ameshaanza kukohoa. Najua hapa kuna mtu mwenye shauri lake kwa wakubwa. Unaijua kweli yako, na unaiogopa, kwa sababu ukiitazama inaonekana ndiyo itakayokufunga. Nakusihi mwamini Yesu, uibebe uende nayo. Sikuahidi kwamba hutapoteza kitu. Mimi nilipikia mvuani msimu mzima, mpaka ramani mpya ilipopitishwa. Lakini jioni ile, Byabato alirudi kulala nyumbani kwake. Bwana alitubomolea jiko, akatuachia nyumba na baba wa nyumba.